Mpako wa jamboni ya Noeli: angalia maji kabla ya utamu

Kila Desemba, hapa Lubumbashi, malalamiko ni yale yale: jamboni, lile paja la nguruwe lililotiwa chumvi, imetoka kwenye tanuri imepauka, na mpako wake wa sukari wote umeteremka na kuungulia kwenye sinia. Lawama zinaangukia tanuri. Mara nyingi kosa liko kwenye chupa ya mpako, na kosa lenyewe ni maji.

Watu huchagua kwa utamu na kwa picha ya etiketi. Wewe geuza chupa. Viungo huandikwa kuanzia kile kilicho kizito zaidi. Likitangulia neno maji au siki, irudishe mahali pake. Maji hayo lazima yakauke ndipo sukari ishike rangi, na kabla hayajakauka mpako umeshashuka. Kama umeshanunua, tia kijiko kimoja kwenye sahani iliyotoka friji, ngoja dakika mbili, inamisha. Mpako ukikimbia kama mchuzi, uchemshe bila kufunika hadi ubaki nusu.

Ya kwanza kwangu ni konfitiri (jemu) ya aprikoti ya All Gold, chapa ya Afrika Kusini, ile laini isiyo na vipande, na sijifichi: naipendelea. Ikipashwa moto inalegea, brashi inapita, lakini pektini ya tunda haiiachi iwe maji. Uchachu wake unakata chumvi ya nyama. Zenye vipande ziache, maana kipande kinachojitokeza kinaungua kabla ya vingine. Kwa jamboni ya kilo 3: gramu 250 za konfitiri, vijiko viwili vikubwa vya mutarde (haradali) ya Dijon, kijiko kimoja cha siki. Chumvi usitie hata chembe. Mutarde nayo ina maji mengi, ila vijiko viwili haviharibu kitu.

Ya pili ni asali, ikiwa ni asali kweli. Ile nyeusi ya misitu ya miombo ina harufu ambayo konfitiri haiwezi kuipata. Lakini ina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi, inayoanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 110, wakati sukari ya kawaida inangoja 160 hivi. Ipake dakika 15 za mwisho tu. Tena asali huvuta unyevu: chupa iliyokaa wazi msimu huu wa mvua imeshakunywa maji ya hewa. Na hapo sijasema juu ya wauzaji. Asali inachanganywa na maji ya sukari, inajazwa kwenye chupa ya whisky, kisha unaambiwa “ni ya pori, mama”. Ukiikuta imeganda chembechembe, wanakuuzia rahisi wakidhani imeharibika. Ichukue haraka, asali safi huganda, na maji ya moto kiasi yanailegeza.

Ya tatu, Lyle's Golden Syrup ya Uingereza, maji mazito ya sukari. Inashika vizuri na haigandi ovyo, ila ni utamu mtupu; ongeza mutarde kijiko cha tatu. Sosi za barbekyu za chupa ziko mkiani: siki, nyanya, na chumvi juu ya chumvi.

Pesa kidogo? Sukari ya kahawia gramu 200 na mutarde vijiko vitatu. Inatosha.

Hata mpako bora hauokoi nyama iliyolowa. Jamboni iliyokwisha kupikwa ipashe imefunikwa, nyuzi 160, karibu nusu saa kwa kila kilo. Itoe, vua ngozi, acha mafuta. Yakate mistari ya msalaba, kina cha milimita 5, usifike kwenye nyama, la sivyo mchuzi utapanda na kusukuma mpako. Futa kwa kitambaa kikavu hadi mafuta yasing'ae. Mimina kikombe cha maji kwenye sinia ili matone yasiungue. Paka, rudisha kwa nyuzi 200, rudia kila dakika 8, mara tatu. Kwa asali, mara mbili tu.

Bei nayo ina msimu wake. Chupa iliyopita mpaka wa Kasumbalesa mwezi wa tisa inapandishwa bei wiki ya Noeli, eti dola imepanda, na bado inakaa kwenye dirisha lenye jua hadi konfitiri inakuwa kahawia. Nunua Oktoba. Shika chupa kwenye mwanga, soma tarehe, na ukikuta kibandiko kimebandikwa juu ya tarehe, kibandue hapo hapo mbele ya muuzaji.