Elektrodi za EDM: ununue ipi ukitaka uso laini

Moldi ikitoka kwenye mashine ya EDM (inayochimba chuma kwa cheche za umeme kutoka kwenye elektrodi) na uso wa vishimo, wengi hukimbilia kupunguza ampea. Anza na elektrodi yenyewe. Cheche hunakili kila kitu: alama ya kisu, kitundu, unyuzi wa pembeni.

Namba moja kwa karakana ya moldi za chuma ni grafaiti yenye punje chini ya mikroni 5. Kama pesa inatosha aina moja tu, chukua hiyo. Haiyeyuki, hugeuka mvuke moja kwa moja ikipita nyuzi 3,500 za Selsiasi, kwa hiyo huvumilia ampea nyingi, na Ra 0.8 (kipimo cha ukwaru wa uso kwa mikroni; ikiwa ndogo, uso ni laini zaidi) unaifikia. Muuzaji akutajie ukubwa wa punje kwa mikroni. Neno "laini" peke yake halitoshi. Omba kipande, vunja kona, uitazame kwa lenzi. Ukiona chembe kama za sukari, hiyo ni ya kazi ya awali tu, na ukiichonga ubavu wa milimita 0.5 itamegeka ukingoni. Vumbi lake linapitisha umeme, hivyo hesabu na bei ya kifyonza vumbi, la sivyo litaua bodi za mashine.

Shaba nyekundu inafuata, ila ukitaka Ra 0.4 kushuka chini, ipandishe iwe ya kwanza: haina vitundu, na inasuguliwa hadi ing'ae. Tatizo ni kuichonga. Inanata kwenye kisu na kuacha nyuzi ambazo lazima uziondoe zote. Yenye telurio, takriban 0.5%, inachongeka kwa urahisi zaidi ingawa huliwa haraka kidogo. Uzito nao usiusahau, maana ni karibu mara tano ya grafaiti.

Shaba-tangsteni ni ghali. Inunue kwa kazi ya kuchimba kabaidi (metali ngumu sana ya visu vya mashine) na kona kali za ndani, basi.

Shaba njano huliwa upesi mno. Iache kwenye mirija ya kutobolea.

Aina yoyote utakayochagua, nunua ya kutosha elektrodi mbili, ya kuchimbia na ya kumalizia. Ukimalizia na iliyochimba, kona zake zimeshaliwa na mviringo huo utabaki kwenye moldi. Pia hakikisha mafuta ya mashine yanapita vizuri kwenye pengo kati ya elektrodi na moldi: masizi yakituama, cheche hugeuka tao la umeme linalopiga sehemu moja, na shimo lake hulitoi kwa msasa.