Kuna majambazi, kuna kiwanja, kuna kuku: uzoefu wangu na Yakuza 0

Diski niliinunua mkononi kwa mtu, shilingi 35,000, kwa jamaa aliyekuwa anauza vitu vyake ahamie mkoani. Kasha lina ufa, na pembeni kuna namba 18 ya kuonya kwamba si ya watoto. Nikamuuliza hii gemu inahusu nini. Akajikuna kichwa. "Majambazi wa Kijapani wanauana kwa ajili ya kiwanja," akasema. "Ila kuna kuku." Nikajua ananizuga. Leo nina saa kama 70 ndani ya Yakuza 0, na bado sijakutana na mtu aliyeieleza vizuri kuliko yeye.

Kwa asiyeijua, Yakuza ni mfululizo wa gemu za kampuni ya Sega ulioanza Japani Desemba 2005 kwenye PlayStation 2. Nje ya Japani jina limeshabadilika, tangu 2022 wanauita Like a Dragon. Stelingi wake ni Kazuma Kiryu, kijana aliyelelewa kituo cha yatima akaingia kwenye genge kwa kumfuata mlezi wake. Namba 0 ilitoka Japani 2015, kwingine ikafika 2017, lakini hadithi yake inarudi nyuma mpaka Desemba 1988, Kiryu ana miaka 20 na suti yake ya kwanza kwanza. Kwa hiyo mgeni aanzie hapo. Mtaa unaoitwa Kamurocho ni wa kubuni, umechorwa kwa kufuata Kabukicho ya Tokyo, na huo ndio wakati ambao bei ya ardhi Japani ilikuwa imepanda kupita akili. Gemu haikuhutubii kuhusu uchumi. Unampiga mtu ngumi, noti zinamtoka mwilini zinapeperuka.

Kiryu anatumwa kudai deni. Anampiga mdaiwa, anachukua pesa, anamwacha yuko hai. Baadaye mtu yule anakutwa amekufa kwa risasi, kwenye kiwanja cha uchochoroni ambacho hata banda la chipsi ungelijenga kwa kubana. Kumbe bila kipande hicho mradi mzima wa kuujenga upya mtaa umekwama, mwenyewe hajulikani, na wakubwa watatu wa genge wameahidiwa cheo kwa atakayekipata. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la baraza la kata kusikiliza kesi ya mpaka hahitaji maelezo zaidi.

Hapa nyumbani televisheni ni moja, na ni ya mama saa ya tamthilia. Mwanzoni nilikuwa nacheza akishalala. Siku moja akachelewa kulala, akakaa, akauliza huyu kijana mbona ananyanyaswa. Gemu inazungumza Kijapani, maandishi ya chini ni Kiingereza, Kiswahili hakuna. Basi nikawa mkalimani. Ndani ya wiki moja ikawa ni yeye anayeniita: "Mwanangu, njoo uweke ile tamthilia yako ya Wajapani." Majima, stelingi wa pili, meneja wa kilabu kikubwa Osaka anayefunika jicho moja kwa kitambaa cheusi, mama alimwita Chongo tangu siku ya kwanza na hakubadilisha.

Sasa nieleze vituko vinavyoingia. Kuna stori kuu ya sura 17, halafu kuna stori ndogo 100 zilizotapakaa mitaani. Unapita zako, mtu anakusimamisha. Ile iliyonikamata ni ya mtoto aliyetoka dukani na gemu mpya iliyokuwa inagombaniwa mji mzima, akaporwa papo hapo. Kiryu anamkimbilia mwizi, anambana, kumbe naye ameshaporwa na mwingine. Anamfuata huyo mwingine, naye ameporwa. Mimi nacheka, mama anacheka, tunahesabu wezi. Mwizi wa mwisho ukimfikia, ni baba wa mtoto. Alitaka kumpelekea mwanawe zawadi asijue kwamba ni ya mwanawe. Kicheko kikatukauka. Kiryu hamrukii mateke, anamwambia maneno machache ya kiutu uzima, yeye mwenye miaka 20 asiye na baba, na baba mtu anainamisha kichwa. (Na si uzushi mtupu. Gemu ya Dragon Quest III ilipotoka Japani Februari 1988 foleni zilikuwa balaa, na wako watoto walioporwa kweli.)

Nilichokuja kukielewa ni kwamba Kiryu hacheki. Hakonyezi. Hajui kwamba yuko kwenye kichekesho. Kuna dada mmoja ambaye kazi yake ni kuwatukana wateja wanaolipa ili watukanwe, lakini ni mwenye haya, hawezi. Kiryu anasimama naye bustanini mchana kweupe anamfundisha kutukana, kwa uso uleule mzito anaowakabili nao watu waliotumwa kumuua. Ni kama mwalimu wa udereva. Angetabasamu mara moja tu, stori ile ingekuwa uchafu wa bei rahisi. Hatabasamu, kwa hiyo nacheka mimi, halafu najikuta namheshimu, kwa sababu shida ya yule dada kwake ni shida kama shida nyingine yoyote. Na ukishamzoea mtu wa namna hiyo, siku atakayotokwa na machozi kwenye stori kuu huna pa kujificha.

Wengi huandika kuwa vichekesho kwenye gemu hizi ni pumziko, upate pumzi kabla ya mazito. Mimi sioni hivyo. Sisi Wazaramo tuna watani zetu Wanyamwezi, na babu yangu alipofariki Kisarawe walifika. Mmoja aliingia kaburini kabla ya mwili, akajilaza, akagoma kutoka mpaka alipwe. Kisha akaanza kumwigiza babu: kikohozi chake, mwendo wake, namna alivyokuwa akigombana na konda kwa chenji ya mia. Shangazi yangu, aliyekuwa analia tangu alfajiri, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalia upya, na safari hii kwa sauti iliyotutoa sote machozi, maana babu alikuwa amerudi pale mbele yake kwa dakika moja, na kikohozi chake. Mtani hakuja kutupumzisha. Yakuza 0 inafanya kazi kwa njia hiyo, na gemu nyingine nilizocheza zenye mizaha haziwezi, kwa sababu mizaha yao inatoka kwa mtu wa nje asiyemjua marehemu.

Haya, kuku. Kuna mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, bolingi. Ukiangusha pini zote mara tatu mfululizo, kwa lugha ya wenyewe hiyo inaitwa "bata mzinga". Kiryu akafanikiwa, na wahudumu wakamletea zawadi ya bata mzinga, isipokuwa waliyemleta ni kuku. Kuku mzima, mweupe, anatazama. Kiryu anampa jina Nugget, na unaweza kumwajiri awe meneja kwenye biashara yako ya majengo. Fikiria: stori kuu watu wanachinjana kwa kipande cha ardhi, na pembeni huku kuku anakusanya kodi. Hakuna anayekueleza kwamba kuna dongo pale. Mama ndiye aliyelisema, bila kugeuka: "Afadhali kuku, hana tamaa."

Kisha ikaja sura ya 6. Sitaimaliza yote. Kiryu anawindwa na genge zima, na rafiki yake wa utotoni, Nishikiyama, anamchukua kwenye gari usiku. Wanatoka mjini. Taa za barabarani zinapungua, mazungumzo yanapungua. Wanasimama msituni, na rafiki anatoa bastola, kwa sababu anaona ni heri Kiryu afe kwa mkono unaompenda kuliko kwa mateso ya wale wengine. Mkono unatetemeka, kamasi zinamtoka. Mchoraji wa sura zile alifanya kazi, hata kidevu kinatetemeka. Nilikuwa na padi mkononi lakini hakuna cha kubonyeza. Mama alikuwa anasuka mkeka, akauacha. Na akilini mwangu kilichopita wakati ule ni wawili hawa wakiimba karaoke saa chache nyuma, mmoja anaimba mwingine anaitikia kwa kelele. Mchezo wa kipuuzi wa kubonyeza vitufe. Ule upuuzi ndio ulioniumiza msituni.

Si kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kasoro ya kwanza ni mwendo. Kuna mahali mtu asiye na hatia anatafutwa auawe, kila sekunde inahesabiwa, na mimi nimeshika maikrofoni. Gemu haikukatazi wala haikusuti. Ni juu yako kuwa na adabu, na mimi sina. Ya pili, baadhi ya mizaha kuhusu wanawake imechacha. Ile kilabu ya kupiga simu kutafuta wachumba ni ndefu, inajirudia, na ungejuta mtu akikukuta unaicheza. Kuna jamaa wa chupi tu anayekatika mtaani, nikimwona kwa mbali nazunguka njia nyingine, mama asije akaniuliza. Hawa hawana nyuma ya pazia kama yule baba mwizi. Ni kelele tu.

Kero kubwa kwetu ni kusevu. Ukitaka kusevu tafuta kibanda cha simu mtaani, mambo ya 1988. Jumamosi moja nilikuwa nimemaliza pambano na Kuze, mzee mbabe anayerudi kila unapodhani umeachana naye, nikasema ngoja nipitie bolingi kwanza. Umeme ukakatika. Saa mbili na nusu zikaenda na maji. Siku hizi kibanda kikiwa karibu nasevu hata kama nimetoka kununua soda tu.

Nilicheza pia zile za mbele, kwa kuazima. Ya 2020, yenye stelingi mpya Ichiban Kasuga, imegeuza mapigano kuwa ya zamu kwa zamu, na sababu yake ni nzuri: Ichiban alikua akicheza Dragon Quest, kwa hiyo akigombana kichwani mwake maadui wanageuka vioja. Ametumikia jela miaka 18 kwa kosa la mwingine, na bado anaota ushujaa. Mzaha umekaa ndani ya kidonda. Pale unaweza kumpigia simu kamba wa mtoni aje akusaidie kupigana, na nikaona sawa. Ya 2024, iliyohamia Hawaii, ndiyo iliyonichanganya. Kiryu ana saratani. Kuna sehemu anatembea akikumbuka maisha yake, na kwa mtu aliyemfuata tangu 1988 ile ni kama kushika albamu ya picha za familia. Lakini katikati wameweka kisiwa kizima cha kufagia taka na kujenga vibanda vya watalii, na nilikaa huko mpaka nikasahau nani anaumwa. Vichekesho haviharibu kwa kuwa vichekesho, hiyo naamini. Vinaharibu vikiwa vingi kiasi kwamba unapotea njia ya kurudi msibani.

Kwa hiyo ukiniuliza uchukue ipi, chukua 0. Kama huwezi kusoma maandishi ya Kiingereza kwa haraka, tafuta wa kukusomea, la sivyo utabaki na ngumi tu, na ngumi zenyewe si ajabu: mitindo michache unayobadilisha, baiskeli za kumpigia mtu, basi.

Tuliimaliza usiku wa Jumapili. Mwisho wake sitausema wote. Chongo anasimama mtaani mbele ya mtu aliyemhangaikia gemu nzima, mtu ambaye hajawahi kuiona sura yake, na anachagua kutojitambulisha. Anaondoka. Majina ya waliotengeneza yakaanza kupita, mama akajifuta uso kwa pindo la kanga, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Sikutaka kumtazama, naye hakutaka kutazamwa.

"Na yule kuku," akasema mwishowe, "amebaki na nani?"

Baada ya mwisho kuna sehemu ya kuzurura bila stori. Nikaifungua, tukaenda ofisini kuangalia. Nugget yupo kazini, na mapato yalikuwa yanangoja kuchukuliwa.