Fiksi ya kwanza kwa mwanafunzi wa Nairobi: kagua pete ya nyuma kabla ya kulipa

Muhula ukifunguliwa tu, jumbe huanza kuingia, na nyingi zinaeleza kisa kimoja kwa maneno tofauti. Mwanafunzi amejichanga likizo nzima, amenunua fiksi, baiskeli ya gia moja isiyoacha pedali zipumzike, amezunguka nayo siku chache, halafu anateremka mahali, anakaza miguu apunguze mwendo, na pedali zinarudi nyuma bila kushika chochote. Wa mwisho kuniandikia alikuwa anashuka Valley Road kuelekea Uhuru Highway. Kilichomwokoa ni breki ya mbele. Alipompigia muuzaji simu, aliambiwa kwamba hajui kuendesha fiksi.

Anajua kuendesha. Aliuziwa gurudumu bovu, na aliyemuuzia alikuwa na kila sababu ya kulijua hilo.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi, uzito wala kiti. Kimo cha fremu utakijua ukiipanda. Nataka tukae kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, sehemu ambayo sijaona mnunuzi wa mara ya kwanza akiinama kuitazama.

Kwenye baiskeli ya kawaida, sproketi ya nyuma, ile sahani ya meno inayovutwa na cheni, ni friwili: ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na miguu inapumzika. Fiksi haina mapumziko hayo. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na ukitaka kupunguza mwendo unazizuia kwa miguu. Ukikanyaga mbele, sproketi inajikaza kwenye thredi za habu, ile mikato ya skrubu. Ukizuia kwa nguvu, unaifungua kama kifuniko cha chupa.

Ndiyo maana habu ya kweli ya fiksi ina ngazi mbili za thredi. Ya ndani ni pana, nayo ni ya sproketi. Ya nje ni nyembamba kidogo, nayo ni ya lokringi, ile pete ya chuma yenye vikato ukingoni. Thredi za pete hii zimekatwa kinyume: inakazwa kwa kuzungushwa kushoto. Sproketi ikianza kufunguka, inaisukuma pete kuelekea upande uleule unaoikaza pete. Kadiri unavyozuia kwa nguvu, ndivyo pete inavyoshika.

Habu ya friwili ina ngazi moja tu. Sproketi ya fiksi inaingia humo bila shida, maana thredi zao zinalingana, 24 kwa inchi, na hapo ndipo watu wanapoibiwa. Muuzaji anafunga sproketi, anapaka gundi ya thredi, au anaongeza pete ya thredi za kawaida iliyotolewa kwenye kiungo cha pedali, pale pedali zinapoungana na fremu, cha baiskeli nyingine. Pete hiyo inafunguka upande uleule wa sproketi, kwa hiyo haizuii kitu. Wengine wanachomelea friwili yenyewe isizunguke huru. Nayo ni kazi bure, kwa sababu friwili nzima bado imeshikwa na thredi za upande mmoja, na mguu wako ukizuia itafunguka yote pamoja. Cheni ikilegea hapo inaweza kuruka na kulibana gurudumu, na wewe uko katikati ya matatu mbili.

Kukagua kunachukua dakika chache. Inama upande wa cheni. Nje ya sproketi utafute pete nyembamba yenye vikato. Usipoiona, ondoka. Ukiiona, mwombe fundi ailegeze kwa spana yake ya ndoano huku ukitazama: pete halisi hulegea ikizungushwa kulia, mwelekeo wa saa. Ikilegea kwa kuzungushwa kushoto, ni pete ya kudanganyia. Akishaikaza tena, shika breki ya nyuma, au mwambie mtu alishike gurudumu lisizunguke, kisha ukandamize pedali kinyume kwa uzito wako wote. Sproketi isisogee hata kidogo.

Kuna mtego mwingine. Magurudumu mengi ya fiksi yana pande mbili: upande mmoja una ngazi mbili kwa ajili ya fiksi, mwingine una ngazi moja kwa ajili ya friwili, ili mtu ageuze gurudumu anavyotaka. Ni mpango mzuri sana kwa mwanafunzi anayeanza. Lakini nimeona baiskeli yenye habu nzuri kabisa, na sproketi ya fiksi imefungwa upande wa friwili, pengine kwa sababu pete ilipotea safarini. Tazama pande zote mbili.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza ni fremu ya zamani ya Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, ya mtumba, pamoja na gurudumu jipya la nyuma lenye habu ya fiksi. Najua nina upendeleo na siuoni aibu. Kampuni hiyo ilianza 1887, na Raleigh za barabarani za miaka ya 1970, zile za gia tano nyuma, zina mambo mawili ambayo fiksi inayataka. Nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 120, kipimo kilekile cha habu ya fiksi, kwa hiyo hakuna kuipanua fremu kwa nguvu. Tena mahali ekseli inapoingia ni mfereji uliolala, unaokuwezesha kuvuta gurudumu nyuma hadi cheni ikaze. Fremu nyingi za mlimani za kuanzia miaka ya 1990 zina mfereji uliosimama wima; humo gurudumu halisogei, na fiksi haina kifaa kingine cha kuikaza cheni. Usinunue fremu hiyo hata ikipunguzwa bei nusu.

Kuna mawili ya kuangalia kwenye Raleigh. Baadhi zina thredi 26 kwa inchi kwenye kiungo cha pedali, badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo kikiwa kimeisha usikubali fundi alazimishe kipya kiingie. Pia nyingi zilikuja na magurudumu ya inchi 27, ambayo rimu yake ni milimita 630, wakati ya 700C, saizi ya kawaida ya fiksi, ni 622. Ukiweka 700C, vibao vya breki vinatakiwa kushuka milimita nne. Hakikisha breki zina nafasi ya kushushwa. Gurudumu lenyewe litafute la habu ya Formula au Novatec, zote za Taiwan. Ukitaka kusukiwa habu mpya kwenye rimu uliyonayo, hesabu matundu kwanza, maana habu ya matundu 32 haiingii rimu ya 36.

Ya pili ni Fuji Feather ya mtumba. Ni ya chuma, ina breki mbele na nyuma, na gurudumu lake lina zile pande mbili. Ukiipata ikiwa na pete yake, na haijapigwa ikapinda foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, huna haja ya kujenga chochote. Naiweka ya pili kwa sababu wauzaji wameshajua jina lake, na bei imepanda kufuata jina.

Ya tatu ni State Bicycle ya Arizona, ile ya chuma cha aina ya 4130. Baiskeli nzuri, habu yake haina mchezo, lakini ni ya kuagiza. Mwanafunzi anaona bei ya dola mtandaoni anafurahi, kisha inakuja nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, halafu VAT ya asilimia 16. Inaniuma. Mtu anayeingia darasani kampasi ya Chiromo kwa miguu yake mwenyewe, bila kuongeza moshi wala foleni, anatozwa hela za reli kwa sababu ameagiza baiskeli.

Fiksi mpya za bei ya chini zinazopangwa kando ya barabara zikiwa na rimu za rangi kali: kagua pete. Nyingi hazina. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ni kifaa cha kazi cha kuaminika, ila usiigeuze fiksi. Rimu zake za milimita 635 na breki za vyuma zitakusumbua kila hatua.

Kuhusu gia, usiige vijana wa picha. Sproketi ya mbele ya meno 46 kwa 16 nyuma itakuchosha ukipanda Valley Road na mkoba wa vitabu mgongoni. Anza na 42 kwa 17. Mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mita tano na kitu, na kwenye kilomita 30 kwa saa miguu inazunguka karibu mara 96 kwa dakika, mwendo ambao mguu mzima unaumudu. Weka mikanda ya miguu kwenye pedali, kwa sababu bila mikanda mguu hauwezi kuzuia sawasawa. Breki ya mbele iwepo siku zote. Foku isiyo na tundu la breki ni ya uwanja wa mashindano, si ya Ngong Road.

Nirudi kwa wauzaji. Wanaita fiksi kila baiskeli ya gia moja, wakijua neno hilo linaongeza bei. Ukiomba picha kwa WhatsApp, unatumiwa upande wa kushoto, ule usio na cheni. Ukiuliza kuhusu pete, unaambiwa "hii ni ex-UK boss," kana kwamba meli iliyoileta Mombasa ndiyo iliyoikaza sproketi. Na wakisikia uko chuo, bei inabadilika mbele ya macho yako. Wanadhani mkopo wa wanafunzi wa HELB umeingia. Gurudumu likikataa hakuna risiti, hakuna kurudishiwa, na lawama ni zako. Fundi wa mtaani anayekuambia wazi kwamba habu haifai na anakosa biashara ya siku hiyo, huyo mshike. Mpelekee na wenzako.

Nenda kununua na mtu anayejua kushika spana, mchana, na usitume M-Pesa kabla ya kukandamiza ile pedali kinyume. Ukishainunua, usianze na mteremko. Panda kwanza: milima hukaza sproketi zaidi ndani ya thredi zake, na ikishaingia, pete inabaki imelegea nyuma yake. Baada ya safari zako za mwanzo mrudie fundi aikaze pete tena, kisha ndipo ushuke Valley Road.