Vitabu vya picha vya Kihispania na Kiingereza: itazame ñ kabla ya kulipa

Desemba iliyopita nilimnunulia mtoto wa jirani yangu hapa Houston kitabu cha picha cha lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, kuhusu familia inayoukaribisha mwaka mpya. Bibi yake, mzaliwa wa Monterrey, Meksiko, alimpakata mjukuu wake akaanza kumsomea kwa sauti, lakini alipofika ukurasa wa tatu alinyamaza, akakifunga kitabu na kukiweka mezani. Palipaswa kuandikwa "año nuevo", yaani mwaka mpya, ila waliokichapa walikuwa wamekiacha kile kiwimbi cha juu ya herufi n, na "ano" kwa Kihispania ni tundu la haja kubwa. Niliona haya mno, kwa maana zawadi ile ilitoka mkononi mwangu.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunaujua uzito wa jambo hili, kwani ng'oa ikikosa ritifaa huwa ngoa, ile ya kulia ngoa. Katika Kihispania cha Meksiko, papá ni baba, na papa bila alama ni kiazi. Kwa hiyo, kabla hujashangazwa na rangi au jalada gumu, fungua ukurasa wowote utafute ñ, vialama vya mkazo na alama ya kuuliza inayoanza sentensi ikiwa imepinduliwa. Zikikosekana, kirudishe kitabu rafuni.

Kwa kipimo hicho, na kwa kuwa natafuta vitabu vya habari za jamaa, nafasi ya kwanza nawapa wachapishaji Children's Book Press bila kusita, nami nakiri kwamba nawapendelea. Walianza San Francisco mwaka 1975, na leo wako chini ya Lee & Low Books ya New York. Anza na Family Pictures / Cuadros de familia cha mwaka 1990, ambamo mchoraji Carmen Lomas Garza anasimulia utoto wake mjini Kingsville, Texas. Katika picha ya kutengeneza tamales, yaani vyakula vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwa maganda na kupikwa kwa mvuke, jikoni kumejaa watu wa rika zote: babu yuko hapo na nguo zake za buluu, na watoto wanasaidia kuloweka maganda makavu ya mahindi. Ukurasa wa sherehe ya kuzaliwa unamwonyesha msichana akiipiga piñata, chombo chenye peremende kinachoning'inizwa na kupigwa kwa fimbo hadi kipasuke, huku jamaa wakimtazama, na mtoto anaweza kukaa hapo muda mrefu akiuliza nani ni shangazi na nani ni binamu.

Nafasi ya pili ni ya Piñata Books, tawi la Arte Público Press la Chuo Kikuu cha Houston, ambao jina lao lenyewe lina ñ. Kihispania chao ni cha watu wanaokizungumza nyumbani, ingawa kwa jicho langu michoro yao haina ubora ulio sawa. Ya tatu ni ya kitabu Tamalitos cha Jorge Argueta, mzaliwa wa El Salvador, kilichotolewa na wachapishaji Groundwood mwaka 2013. Nimekishusha kwa sababu ni shairi la mapishi zaidi ya kuwa habari za jamaa.

Vijitabu vya bei ya chini visivyomtaja mfasiri siviweki kwenye orodha.

Wanaoniudhi zaidi ni wauzaji wa mtandaoni. Familia ya Meksiko yenye Las Posadas, maandamano ya kabla ya Krismasi, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, na familia ya Puerto Rico inayowangoja Wafalme Watatu, wale mamajusi wa Biblia, tarehe 6 Januari, zote huuziwa picha ileile ya kofia pana ya Kimeksiko, na kurasa za ndani hufichwa. Yule aliyeniuzia alikataa kukipokea tena kitabu changu, akidai kwamba hakikuwa na kasoro yoyote. Mwingine nilimwomba picha ya ukurasa mmoja tu wenye neno cumpleaños, siku ya kuzaliwa, naye akajibu kwamba haruhusiwi kufungua bidhaa. Sasa nanunua dukani, ninakoweza kukifungua mwenyewe.