Samsung T7 Shield safarini: tathmini ya kuhifadhi picha ndani ya meli ya utalii

Nimerejea kutoka safari ya siku 12 kwa meli ya utalii nikiwa na picha 3,140, na zote ziko salama. Nalitanguliza jambo hilo kwa sababu safari yangu ya awali haikuisha hivyo. Wakati ule niliacha kadi moja ya kumbukumbu ndani ya kamera tangu siku ya kwanza, nikiamini kuwa nafasi ikiwa bado ipo basi hakuna haja ya kuigusa. Siku ya nane kamera ikaandika kwamba kadi haisomeki na kunitaka niifomati. Programu ya kuokoa faili ilinirudishia kama robo ya picha, nyingi zikiwa zimekatika katikati na nusu ya chini imegeuka kijivu. Picha za mama yangu akiwa amesimama sitahani, ameshika ukingo kwa mikono miwili na kitambaa chake kikipepea, hazikurudi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona bahari isiyo na nchi kavu upande wowote.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda na diski ya nje ya SSD (inayohifadhi faili kwenye chipu) ya Samsung T7 Shield ya terabaiti 1, kigawanyi kidogo cha USB chenye tundu la kadi, na kadi tatu za gigabaiti 64. Kompyuta mpakato niliiacha nyumbani kwa makusudi, kwa kuwa nilitaka kujua kama mtu mwenye simu na kamera tu anaweza kulinda picha zake ipasavyo. Anaweza, ila yapo mambo ambayo lazima ayajue kabla meli haijang'oa nanga.

Nianze na diski yenyewe. Ina uzito wa gramu 98, inaenea kwenye kiganja, na imefunikwa kwa ganda la mpira lenye mifereji linaloizuia isiteleze mezani meli inapoyumba. Kipimo chake cha kinga ni IP65, maana yake vumbi haliingii kabisa na maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaidhuru. Si kibali cha kuitumbukiza majini. Mtengenezaji anasema inahimili kuanguka kutoka kimo cha hadi mita 3. Kwa msafiri wa baharini, lililo kubwa zaidi ni kwamba ndani yake hamna sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea, tofauti na diski za nje za zamani ambazo mtikisiko au kuanguka wakati zinafanya kazi kunaweza kukwaruza sahani na kuondoka na kila kilichoandikwa. Jioni moja mawimbi yalikuwa makubwa kiasi kwamba bilauri ilitembea yenyewe kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, nami nikaendelea kunakili picha bila wasiwasi.

Kasi inayotangazwa ni megabaiti 1,050 kwa sekunde katika kusoma na 1,000 katika kuandika. Mnunuzi asilipie zaidi kwa ajili ya tarakimu hizo akidhani ataziona melini. Kadi za kawaida za kamera, zile zenye alama ya kasi ya UHS-I, hazifiki mbali zaidi ya megabaiti 90 hivi kwa sekunde, na simu nyingi zina tundu la USB 2 ambalo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde (megabiti 8 ni megabaiti 1, kwa hiyo ni megabaiti 60), hata kama umbo la tundu ni lile jipya la USB-C. iPhone 15 ya kawaida ni mfano mmoja, ilhali 15 Pro ina USB 3. Simu yangu ni ya kundi la kwanza. Kwa kuwa kadi na diski zote mbili hupitia tundu hilo hilo, picha za siku moja, ambazo kwa wastani zilikuwa gigabaiti 7 na ushei, zilichukua kati ya dakika saba na tisa. Sikuona ubaya wowote katika hilo, maana ni muda wa kuoga na kubadili nguo.

Jambo ambalo diski hii haina ni tundu la kadi na skrini. Haiwezi kunakili kadi peke yake. Inahitaji simu, tabuleti au kompyuta iisimamie, na simu yenye tundu moja haiwezi kushika kadi na diski kwa pamoja bila kigawanyi. Hapo ndipo wasafiri wengi hukwama. Kigawanyi cha kwanza nilichonunua, ambacho hakikuwa na tundu la kupokea umeme, kilikuwa kikikata mawasiliano katikati ya kazi simu iliposhuka chini ya asilimia 30 ya chaji. Nilikibadilisha kabla ya safari kwa kingine kinachopokea umeme kutoka kwenye chaja na kuugawa kwa simu na diski, na tatizo likaisha. Wenye iPhone za zamani zenye tundu la Lightning wajue kwamba tundu hilo halitoi umeme wa kutosha kuendesha diski ya namna hii, hivyo kwao adapta yenye njia ya chaja ni ya lazima.

Kuhusu umeme, vyumba vingi vya melini vina soketi chache, na kampuni nyingi za meli haziruhusu abiria kuingia na nyaya za upanuzi zenye kinga dhidi ya kupanda kwa ghafla kwa umeme. Hukusanywa wakati wa ukaguzi wa mizigo na kurudishwa mwisho wa safari. Chaja moja yenye matundu kadhaa ya USB inatosha.

Sasa nieleze zoezi lenyewe la kila jioni, kwa sababu diski nzuri mikononi mwa mtu asiye na utaratibu ni kopo tupu. Nilichomeka chaja kwenye kigawanyi, kisha diski, kisha kadi, na mwisho nikaunganisha simu. Katika programu ya faili ya simu (iPhone inaweza kusoma diski za nje tangu iOS 13 ya mwaka 2019) nilifungua folda ya kadi, nikachagua picha za siku hiyo, na kuzinakili kwenye folda mpya yenye jina la tarehe, nikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili zijipange zenyewe. Folda mpya kila siku si urembo. Kamera huhesabu picha kwa tarakimu nne tu, na ikifika 9999 inaanza tena 0001. Mtu anayemwaga kila kitu kwenye folda moja siku moja ataulizwa kama faili yenye jina hilo ibadilishwe, na akibonyeza ndiyo kwa uchovu wa usiku, picha ya zamani imekwenda. Mke wangu alikuwa na kamera ya aina moja na yangu, na majina ya faili zetu yaligongana siku ya pili tu, hivyo kila mmoja wetu akapewa folda yake ndani ya folda ya tarehe.

Baada ya kunakili nililinganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha nikafungua picha tatu au nne moja kwa moja kutoka kwenye diski: ya kwanza, ya mwisho, na za katikati. Programu ya faili ya simu haikwambii kama kila faili imefika nzima, kwa hiyo macho yako ndiyo mkaguzi. Siku tulipofuatwa na kundi la pomboo ubavuni mwa meli nilipiga picha 212 ndani ya dakika ishirini, na usiku huo hesabu ya diski ilionyesha 209. Faili tatu za mwisho hazikuwa zimekamilika kwa sababu nilikuwa nimefunga skrini ya simu mapema. Nilirudia kuzinakili na zikatimia. Mojawapo ya hizo tatu inamwonyesha pomboo akiwa juu kabisa ya maji, matone yakimtoka mkiani, na leo iko ukutani kwetu.

Diski hii hutoka kiwandani ikiwa na mfumo wa faili wa exFAT, unaosomwa na Windows, Mac, iPhone na simu nyingi mpya za Android, ingawa inafaa kuijaribu na simu yako ukiwa nyumbani. Udhaifu wa exFAT ni kwamba haina daftari la kumbukumbu la kuirekebisha kazi iliyokatizwa, hivyo kuichomoa diski wakati bado inaandikwa kunaweza kuvuruga hata faili za siku zilizopita. Nilisubiri taa yake itulie, nikaitoa kwa utaratibu pale simu iliponipa kitufe hicho, ndipo nikagusa waya.

Lililobaki ni mahali pa kuweka nakala, na hapa nina msimamo mkali: kadi hazifutwi hadi msafiri afike kwake. Kila kadi niliitumia siku nne, nikasukuma kile kiswichi kidogo cha ubavuni ili isiweze kuandikwa tena, na kuifungia ndani ya sefu ya chumbani. Diski nilitembea nayo kila tuliposhuka bandarini, ikiwa ndani ya mkoba mdogo wa kifuani. Hivyo mkoba ukiibwa, kadi ziko melini. Sefu ikiharibika au chumba kikiingia maji, diski iko nami. Nakala mbili zilizolala kwenye begi moja ni nakala moja tu mbele ya mwizi.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua ilhali kuna hifadhi ya mtandaoni. Nimeijaribu pia, na jibu langu ni kwamba melini hifadhi hiyo, yaani wingu, ni msaidizi, halifai kutegemewa peke yake. Meli ikiwa katikati ya bahari hupata intaneti kwa setilaiti. Setilaiti za zamani zimekaa kilomita zipatazo 35,786 juu ya ikweta, na safari ya mawimbi kwenda na kurudi huchelewesha kila jambo kwa zaidi ya nusu sekunde. Tangu 2022 kampuni kubwa kama Royal Caribbean zimeanza kufunga Starlink, huduma ya intaneti ambayo setilaiti zake ziko karibu kilomita 550 tu, na hali imekuwa bora sana. Hata hivyo abiria maelfu hugawana njia hiyo moja, na upande wa kupakia huwa mwembamba kuliko wa kupakua. Jioni, watu wakiwa wamerudi vyumbani, nilipima kasi ya kupakia nikapata megabiti 2 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo picha zangu za siku moja zingechukua zaidi ya saa nane. Alfajiri kabla ya saa kumi na moja kasi ilipanda mara nne au tano. Kwa hiyo kila usiku nilichagua picha ishirini bora, nikazihamishia kwenye simu kama JPEG, yaani faili ndogo zilizobanwa, na kuziacha zipande zenyewe nikiwa nimelala. Hiyo ndiyo iliyokuwa nakala yangu ya tatu, iliyo mbali na meli, na kwa kazi hiyo ndogo kifurushi cha intaneti kilitosha.

Anayetegemea wingu aelewe pia kile anachokitegemea. Picha za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya iPhone, ni usawazishaji: ukiifuta picha kwenye simu ili kupata nafasi, inafutika na huko juu, na una siku 30 tu za kuirudisha. Google, tangu tarehe 1 Juni 2021, inahesabu picha zote mpya ndani ya gigabaiti 15 za bure, ambazo mpigapicha wa faili za RAW (picha ghafi zisizobanwa na kamera, ambazo ni kubwa) anaweza kuzijaza kwa siku mbili. Na kabla ya yote simu iwekwe katika hali ya ndegeni, kisha waifai iwashwe peke yake. Meli nyingi zina mnara wao wa simu unaofanya kazi mbali na nchi kavu, na simu inayopakia picha kimyakimya kupitia mnara huo hutozwa kwa viwango ambavyo vifurushi vya kawaida vya nyumbani havivigusi.

Ningemshauri nani anunue diski hii? Mwenye kamera, mwenye simu ya USB-C, na aliye tayari kutenga dakika kumi kila jioni. Asiyepiga picha ila kwa simu, na mwenye nafasi ya kutosha ndani yake, anaweza kutosheka na kijiti cha USB-C cha kumbukumbu kinachochomekwa moja kwa moja, ilimradi akitumie kila siku na asikihifadhi pamoja na simu. Mwenye kompyuta mpakato atafurahia zaidi kasi ya T7 Shield kuliko nilivyofurahia mimi.

Usiku wa mwisho abiria hutakiwa kuacha masanduku yao nje ya mlango wa chumba ili yachukuliwe na kushushwa bandarini, na msafiri huyaona tena akiwa ameshatoka melini. Kadi na diski zisiingie katika masanduku hayo hata kwa bahati mbaya. Nilizitoa kadi kwenye sefu kabla ya kulala, nikazishona ndani ya mfuko wa koti nililovaa asubuhi, na diski akaibeba mke wangu. Mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege hazidhuru kadi wala diski, kwa hiyo zilipita humo kama kawaida. Nilipofika nyumbani nilihamisha kila kitu kwenye diski kubwa ya mezani, nikalinganisha hesabu kwa mara ya mwisho, 3,140 kwa 3,140, na ndipo nilipozirudisha kadi kwenye kamera moja baada ya nyingine na kuzifomati.