Uzoefu wangu na programu ya kulinganisha ndege: bundi aliyetoweka na ndege mwimbaji aliye hai

Programu hii ya simu humwezesha mtumiaji kuwaweka ndege wawili sambamba na kulinganisha maumbile, chakula na sauti zao. Naipa nyota 3 kati ya 5. Nilimchagua whēkau, bundi wa New Zealand ambaye mzoga wake wa mwisho uliothibitishwa uliokotwa Canterbury mwaka 1914, nikamlinganisha na Turdus merula, ndege mwimbaji ambaye dume lake ni jeusi lenye mdomo wa rangi ya chungwa. Huyu wa pili aliletwa huko na walowezi katika miaka ya 1860, na leo amejaa visiwani humo.

Michoro imepimwa kwa kipimo kimoja, hivyo inaonekana mara moja kwamba bundi, aliyekuwa na urefu wa karibu sentimita 38, alimzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 10. Ukurasa wa chakula ndio ulionivutia zaidi. Kwa kuwa bundi hutapika madonge ya mifupa na manyoya yasiyomeng'enywa tumboni, madonge yaliyosalia katika mapango ya mawe ya chokaa yamewawezesha wataalamu kujua kwamba whēkau alikula mijusi, popo, mbawakawa, panya na hata ndege wenzake. Ajabu ni kwamba mlo wa marehemu umeelezwa kwa kina, ilhali aliye hai ameambulia maneno mawili tu: minyoo na matunda.

Kuhusu kutoweka, programu inawataja paka, pamoja na vicheche walioletwa katika miaka ya 1880 ili kupunguza sungura. Ilipaswa kuongeza kwamba bundi huyo alitaga chini, katika nyufa za miamba, mahali ambapo wawindaji hao walimfikia kwa urahisi.

Kasoro kubwa ni sauti. Ukibonyeza kitufe cha Turdus merula, unasikia wimbo halisi wa alfajiri; ukibonyeza cha bundi, unasikia kicheko kirefu, ingawa sauti ya ndege huyo haikuwahi kurekodiwa. Kilichobaki ni maandishi ya watu waliomsikia, nayo hayakubaliani: wapo waliosikia kicheko, na wapo waliosikia kama watu wanaoitana kwa mbali. Kuigiza sauti si kosa, mradi msikilizaji aambiwe. Niliwaandikia watengenezaji nikiomba waongeze maelezo hayo, wakanijibu kwa adabu, lakini hadi naandika tathmini hii kitufe hakijabadilishwa. Mwalimu anayetaka kuitumia darasani awaeleze wanafunzi jambo hilo kabla ya kukibonyeza.