Mita ya shilingi 38,000 na jeti ski iliyogoma kuwaka: uzoefu wangu

Nina jeti ski mbili Nungwi, nazikodisha kwa wageni. Kaskazi ikianza kuvuma ndipo tunapopata riziki. Masika zinalala bandani. Kwa hiyo moja iliponigomea katikati ya Disemba, roho iliniuma kweli.

Kijana wangu alinijia mbio: "Ami, haiwaki, inalia tak tu." Nikabonyeza mwenyewe. Tak. Skrini inawaka vizuri, stata (mota inayozungusha injini iwake) haizunguki. Fundi tuliyemwita akasema ni betri, nikanunua mpya. Ikawaka siku nne, ya tano tak ileile. Akarudi, safari hii akasema stata imekufa, iagizwe Dubai. Kabla sijatoa pesa hiyo nikapanda daladala hadi mjini, nikanunua mita ya kidijitali ya mkononi ya kupimia volti (multimita), ya kawaida kabisa, kwa shilingi 38,000.

Kwanza tulifungua kiti tukaacha upepo upite, maana mvuke wa petroli ukijikusanya mle ndani, cheche moja inatosha kuleta msiba. Hili msilifanyie haraka hata mteja awe amesimama anasubiri.

Nikapima betri: volti 12.7, yaani imejaa. Kijana akabonyeza stata huku natazama mita, ikashuka hadi 12.3 tu. Hapo nikashtuka. Stata inayovuta umeme sawasawa huiteremsha betri mpaka karibu na 10 au 11. Betri isiposhuka, maana yake umeme haufiki. Sasa unakwama wapi?

Mita hii ina kipimo cha mlio: ukigusa ncha mbili za waya mzima, inalia. Nikapima waya mnene mweusi wa athi (njia ya umeme kurudi betri) unaotoka betri kwenda kwenye injini. Ikalia. Nikaamini ni mzima, nikapoteza saa mbili nikihangaika na fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na swichi ya kamba ya usalama, vyote vizima.

Kilichonitoa gizani ni kipimo kingine. Niliirudisha mita kwenye volti, ncha moja nikaibana kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikasoma sifuri. Nikamwambia kijana abonyeze. Ikaruka hadi 11.1! Pale panatakiwa pasome chini ya nusu volti. Karibu nguvu yote ya betri ilikuwa inafia ndani ya ule waya ulionililia kuwa ni mzima.

Nikaupapasa kwa vidole. Karibu na kichwa chake cha shaba ulikuwa umevimba kidogo, laini kama ndizi iliyoiva. Nikauchana kwa kisu: shaba imegeuka unga wa kijani na mweusi, zimebaki nyuzi tatu au nne tu. Chumvi ilikuwa imeingia kwa mwisho wa ganda ikatambaa ndani kwa ndani. Nyuzi tatu zinatosha kupitisha umeme mdogo mno wa mita ili ilie, lakini stata inataka zaidi ya ampea 100. Ndiyo maana nasema kipimo cha mlio kisikutulize. Pima volti huku mzigo unavuta.

Nilitengenezewa waya mpya wa shaba iliyopakwa bati, kichwa kikabanwa kwa koleo lake, kikavikwa mpira unaosinyaa kwa moto, juu nikapaka grisi. Nikapima tena: 0.18. Ikawaka kwa mguso mmoja. Tukaiunganisha na mpira wa maji (injini kwanza ndipo maji, na kuzima maji kwanza ndipo injini), nikapima chaji, volti 14.1. Safi.

Kuhusu mita yenyewe: inasoma haraka, tarakimu zake kubwa, na vipimo vyake vilikaribiana sana na vya mita ya bei kubwa ya jirani yangu. Lakini waya zake ni fupi, ukipima peke yako hutaweza kubonyeza stata na kushika ncha zote mbili. Nimezibadilisha, nikaweka ndefu zenye vibanio. Haina taa ya skrini, na mikono yenye maji ya chumvi haifai kuishika. Yangu naiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Jambo jingine la hatari: usiuache waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10 halafu ukapima betri. Hapo unakuwa umeunganisha vichwa viwili vya betri moja kwa moja. Kijana wangu alifanya hivyo wiki ya pili, fyuzi ya ndani ikakatika na cheche ikaruka. Tulishukuru kiti kilikuwa wazi tangu asubuhi.

Ile betri ya zamani tuliyoambiwa imekufa niliichaji usiku mzima, nikaiacha itulie, nikaipima. Ilisoma 12.6, na mpaka leo ndiyo inayowasha jeti ski ya pili.